Safari ya The Hague na Barua ya Kadhi kwa Kadhi



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, tunawaomba radhi wasomaji waliotuuliza mbona safu hii ilikosekana kwa majuma matatu mwezi wa Julai. Tulikuwa safarini Uholanzi. Jamaa zetu waliohamia huko tangu miaka ya tisini walikuwa wakimuoza binti yao, na baba yake, ambaye tulisoma naye chuo kimoja utotoni, alishikilia kuwa khutba ya ndoa ya mwanawe haisomi mtu mwingine ila sisi.

Tulikwenda kwa ajili ya harusi, tukarudi na somo la sheria. Somo lenyewe lilitugusa mahali ambapo hatukupenda kuguswa, lakini tumeona ni haki yenu kulisikia, kwani karibu kila nyumba ya pwani yetu ina mtu wake ng'ambo.

Tuliteremka uwanja wa ndege wa Schiphol asubuhi, tukapanda gari moshi lililotufikisha mji wa The Hague kwa muda usiotimia saa moja. Nchi ni tambarare kama sinia, mifereji ya maji inapita kando ya mashamba, na watu wa kila umri wamo juu ya baiskeli. Jua la Julai huko halina haraka ya kuzama. Magharibi tuliiswali saa nne za usiku, na isha ikatukuta tunasinzia. Siku ya Ijumaa tulichukuliwa kwenye msikiti wa Waturuki ulioko mtaa wa Wagenstraat, wenye minara miwili. Jengo lake lilikuwa zamani sinagogi la Mayahudi. Tuliswali hapo pamoja na Waturuki, Wamoroko, Wasomali na wengineo.

Baada ya swala, mwenyeji wetu akatuambia, "Sheikh, kesho kutwa kabla ya nikahi twende kwanza manispaa."

Tulidhani ni mambo ya heshima tu, kama kwenda kumwamkia mkubwa wa mji. Akatueleza kuwa ni sheria. Katika Uholanzi, kiongozi wa dini haruhusiwi kufungisha ndoa ya kidini mpaka wahusika wamwonyeshe kuwa wamekwisha kufungishwa ndoa mbele ya afisa wa serikali, na akikiuka hapo ametenda kosa la jinai. "Ukiwaozesha kabla ya karatasi," alisema, "atakayeitwa ni wewe, si mimi."

Tulicheka pamoja naye. Lakini usiku ule hatukulala vizuri, na sababu yake tutaieleza bila kuipamba.

Zaidi ya miaka ishirini nyuma tulimuozesha binti mmoja wa mtaa wetu hapa Mombasa kwa kijana aliyekuwa na kazi Muscat. Nikahi ilisomwa sebuleni kwao baada ya alasiri. Walii alikuwapo, mashahidi wawili waadilifu walikuwapo, na mahari yalitajwa. Kwa upande wa dini haikupungua kitu. Tuliandika majina katika daftari letu la mkononi, tukaahidi kuipeleka ndoa ile kwa msajili. Bwana harusi alisafiri wiki ile ile, nasi tukasahau. Sheria ya kusajili ndoa za Waislamu ilikuwapo tangu zama za mkoloni, wala hatuwezi kudai kuwa hatukuijua. Tulifanya uzembe.

Kijana yule aliishi na mkewe kwa wema, akija na kurudi, wakaruzukiwa watoto wawili. Kisha akafariki huko huko Muscat. Aliacha fedha katika benki ya huko, na fungu lake katika nyumba moja ya Mji wa Kale. Aliacha pia mke mwingine na watoto huko. Yule mke mwenza hakumfanyia uadui mjane wetu. Alisema tu kwamba hamjui, na alisema kweli. Hakimu naye akataka jambo ambalo hakimu yeyote angelitaka: cheti cha ndoa.

Mjane alitujia na swali ambalo mpaka leo linatuuma: "Sheikh, si wewe ndiwe uliyetuozesha? Karatasi yangu iko wapi?"

Ilibidi ashtaki mbele ya Kadhi ili ndoa yake ithibitishwe. Shahidi mmoja alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Wa pili alikuwa mzee anayeishi Lamu. Aliletwa kwa basi, naye ni mgonjwa. Sisi wenyewe tulisimama tukakiri kuwa kufungisha tulifungisha, na kusajili hatukusajili. Hukumu ilipotoka ikafasiriwa kwa Kiarabu, ikapelekwa Nairobi kugongwa muhuri wa serikali, ikapelekwa ubalozini kugongwa muhuri mwingine, ndipo ikavuka bahari. Jambo lile lilichukua miaka miwili na miezi minne. Mama yule aliuza bangili zake za dhahabu ili alipe nauli na ada. Alichokuwa akikitafuta ni sehemu yake katika ile thumuni ambayo Suratun Nisaa imewawekea wake wa marehemu aliyeacha watoto, pamoja na haki ya watoto wake kuitwa watoto wa baba yao.

Kwa hivyo tulipoingia manispaa ya The Hague siku ile, tulitazama kila kitu kwa jicho la mwenye deni. Afisa aliyewafungisha alikuwa mama wa makamo, mchangamfu. Sheria yao inataka mashahidi wasiopungua wawili wala wasiozidi wanne, na safari hii walikuwa wanne. Cheti cha kuzaliwa cha bwana harusi kilikuwa kimetoka Mombasa, na mgongo wake umejaa mihuri. Mwenyewe alituambia kuwa kukitafutia mihuri ile kulimsumbua kuliko kutafuta mahari. Walitia saini, mashahidi wakatia saini, kazi ikaisha kwa muda mfupi.

Siku iliyofuata mpwa wetu alikuja kutuchukua. Kijana huyu alisoma kwetu madrasa kabla ya kwenda Nairobi kusomea sheria, na kiangazi kile alikuwa amepata nafasi katika masomo ya Chuo cha The Hague cha Sheria ya Kimataifa. Tulipanda tramu nambari 1, ikatushusha mbele ya Jumba la Amani.

Jumba lenyewe ni la matofali mekundu, lenye mnara mrefu wa saa na bustani pana nyuma ya lango la chuma. Lilijengwa kwa fedha za tajiri wa Marekani, Andrew Carnegie, aliyetoa dola milioni 1.5, likafunguliwa tarehe 28 Agosti 1913. Mataifa yalichangia vipambo: Wajerumani walitoa lango, Waswisi saa ya mnara, na dola ya Uthmaniya ya Waturuki ikatoa zulia. Mwaka mmoja baada ya kufunguliwa, vita vikuu vya kwanza vikazuka, na baadhi ya waliochangia vipambo vile wakapigana wao kwa wao. Kumbi za ndani hatukuingia, kwani wageni hupangiwa siku zao. Tulizunguka jumba la maonyesho lililoko langoni, kisha tukaketi nje karibu na mwenge unaowaka mchana na usiku, uliozungukwa na mawe yaliyoletwa kutoka nchi nyingi za ulimwengu.

Ndugu zetu wa Lamu na Kiunga wanalijua jumba hili kwa jina, hata kama hawajaliona. Humo ndimo iliko Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyotoa hukumu ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya tarehe 12 Oktoba 2021. Ile mahakama nyingine ya The Hague, ambayo Wakenya waliizungumza sana baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, iko katika mji huo huo lakini ni nyingine na ina jengo lake.

Tulimwuliza mpwa wetu, "Basi kesi ya mjane wetu ingeletwa humu?"

Akatabasamu. "Hapana, Mjomba. Humu hushtakiana madola. Kesi ya yule mama haina jumba la fahari. Husikilizwa katika mahakama za kawaida, na taabu yake yote ni kwamba nchi ni mbili."

Akatufafanulia elimu aliyokuja kuisoma. Huitwa sheria binafsi ya kimataifa. Waarabu huiita al-qanun ad-duwali al-khass. Chuo chake kilianza masomo mwaka wa 1923 katika uwanja wa jumba lile, na kila kiangazi wanafunzi hukusanyika kutoka pembe zote za dunia: majuma matatu kwa sheria baina ya madola, na majuma matatu kwa elimu hii ya watu binafsi, kwa Kiingereza na Kifaransa. Alitwambia kuwa ukiyaondoa maneno makubwa, elimu yote imesimama juu ya maswali matatu. La kwanza, mahakama ya nchi gani ina haki ya kusikiliza? La pili, hakimu akikubali kusikiliza, atumie sheria ya nchi gani? La tatu, hukumu ikitoka, nchi nyingine itaitambua na kuitekeleza?

Tuliyapitisha maswali hayo juu ya kesi ya mjane. Fedha zilikuwa Muscat, na marehemu aliishi huko, kwa hivyo mahakama ya huko ilikuwa na haki ya kuzisikiliza. Nyumba ilikuwa Mombasa. Na Sheria ya Urithi ya Kenya inasema wazi kuwa mali isiyohamishika iliyoko Kenya hufuata sheria ya Kenya popote marehemu alipokuwa na makao yake, ilhali mali inayohamishika hufuata sheria ya makao yake ya kudumu. Kwa hivyo urithi wa mtu mmoja uligawanyika mbele ya mahakama mbili. Na swali la ndoa lilikuwa la tatu: je, Muscat wataitambua karatasi ya Mombasa? Yule mama alikwama kwa sababu kiungo hicho kilikosekana, nasi ndio tuliokikosesha.

Mpwa wetu akatutajia mtu mmoja Mholanzi, Tobias Asser, aliyezaliwa Amsterdam mwaka wa 1838. Mwaka wa 1893 aliwakusanya wajumbe wa nchi 13 katika mji ule ule ili watafute kanuni za pamoja juu ya mambo kama ya ndoa, ulezi na mirathi. Kikao kile ndicho kilichozaa Mkutano wa The Hague wa Sheria Binafsi ya Kimataifa, ambao mpaka leo huandika mikataba. Asser alipewa nishani ya Nobel ya Amani mwaka wa 1911. Mkataba wao wa 1961 umeondoa msururu wa mihuri baina ya nchi zilizojiunga, ukaweka muhuri mmoja tu. Karatasi ya mjane wetu haikupita njia hiyo. Ilipita ile ndefu. Mkataba wa 1980 ni juu ya watoto wanaochukuliwa na mzazi mmoja hadi nchi nyingine bila haki. Na ule wa 1996 juu ya hifadhi ya watoto umelitaja neno ambalo wanafunzi wetu wa fiqhi wanalijua: kafala. Moroko ni miongoni mwa nchi zilizojiunga nao. Tulifurahi kusikia kuwa neno la vitabu vyetu limekaa ndani ya mkataba wa madola, kwa sababu palikuwapo watu walioisoma elimu hiyo vyema wakaweza kuingia katika majadiliano.

Lakini si kila mlango umefunguka. Mkataba wa 2019 wa kutambua hukumu za mahakama za ng'ambo, ulioanza kutumika tarehe 1 Septemba 2023, unahusu madai ya kiraia na ya biashara, na wenyewe umeziacha nje ndoa na mirathi. Mfanyabiashara wa nchi iliyojiunga ana njia hiyo ya kufuatilia deni lake. Mjane anatafutiwa njia nyingine.

Hapo ndipo mpwa wetu alipotugeuzia kibao. "Mjomba," alisema, "lakini mlango huu ulinisomesha wewe, barazani, kabla sijaja huku."

Tulimtazama tusimwelewe. Akatukumbusha Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho wanavyuoni wa Kishafii wa pwani yetu wamekisomesha vizazi kwa vizazi. Imamu Nawawi alifariki mwaka wa 1277. Katika mlango wa ukadhi, kuna sehemu inayohusu kumhukumu mtu asiyekuwapo. Mwanachuoni anauliza: ni nani wa kuhesabiwa kuwa hayupo? Jibu lake lina kipimo: ni yule aliye umbali ambao mtu akitoka kwake alfajiri hawezi kwenda na kurejea kwake usiku. Huyo, kwa madhehebu yetu, ushahidi dhidi yake husikilizwa, na mdai huapishwa baada ya ushahidi kuwa haki yake bado haijalipwa, kwa kuwa aliye mbali hana mdomo wa kujitetea. Wenzetu wa Kihanafi kwa jumla hawakukubali kumhukumu asiyekuwapo. Hilo ni lile swali la kwanza la elimu ya The Hague.

Kisha inakuja barua ya kadhi kwa kadhi. Kadhi wa mji mmoja husikiliza ushahidi au hukata hukumu, kisha humwandikia kadhi wa mji ambao mdaiwa au mali yake iko. Barua peke yake haitoshi, hata ikiwa na muhuri. Huwashuhudisha watu wawili waadilifu, ambao husafiri mpaka kwa kadhi wa pili wakatoe ushahidi mbele yake juu ya yaliyomo. Hilo ni swali la tatu.

Tulinyamaza kwa muda. Mlango ule tumeusomesha mara nyingi, na kila mara tuliupita upesi, tukiwaambia wanafunzi kuwa ni mambo ya zama za misafara ya ngamia. Hatukuwahi kuwaambia kuwa mama wa jirani anaishi ndani ya mlango huo. Wanavyuoni wale waliona kuwa haki haivuki masafa yenyewe. Yapaswa kubebwa, na mbebaji awe wa kuaminika kwa yule anayepokea. Mihuri ya Nairobi na ya ubalozini inafanya kazi ya wale mashahidi wawili waliosafiri na barua.

Kwa hivyo tunawaambia wazazi: elimu hii isiachwe. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 170, inazipa Mahakama za Kadhi uwezo juu ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimeridhia mahakama hiyo. Lakini Waislamu wa pwani hawakai mahali pamoja. Hukumu ya Kadhi wa Mombasa itahitajika Muscat, Jeddah, London au Unguja, na hati ya huko itahitajika hapa. Kenya ina sheria ya mwaka wa 1984 ya kutambua hukumu za nje kwa nchi zilizoorodheshwa, zikiwamo Tanzania, Uganda, Rwanda na Uingereza. Oman haimo katika orodha hiyo. Hati ya kusimamia mali ya marehemu iliyotolewa nje nayo huweza kuombewa muhuri wa Mahakama Kuu ya hapa. Haya yanataka kijana aliyesoma fiqhi akaisoma na sheria, ajue Kiarabu na Kiingereza, asimame katikati ya makadhi wawili kama walivyosimama wale mashahidi wa zamani. Mpwa wetu ni mmoja. Hawatoshi.

Nikahi tuliifungisha Jumamosi, nyumbani kwa mwenyeji, baada ya alasiri. Kabla ya kumshika bwana harusi mkono tulikiomba cheti cha manispaa, tukakisoma chote, jina kwa jina. Wazee waliokuwapo waliona tunachelewesha biriani. Tuliwavumilia, nao wakatuvumilia.

Tangu tuliporudi tumejiwekea kanuni: hatuketi kwenye busati la nikahi mpaka tuone kuwa matayarisho ya usajili yamekamilika kama inavyotaka Sheria ya Ndoa ya 2014. Daftari letu la zamani tumelipitia ukurasa kwa ukurasa. Tumekuta ndoa tisa tulizozifungisha zisizo na cheti. Saba tumewapata wahusika, na tumekwenda nao kwa msajili. Mbili wenyewe wako ng'ambo, na anayewajua jamaa zao tunamwomba awape habari hii.

Na ninyi, ndugu zetu, hasa mlio na waume, wake au watoto nje ya nchi, fanyeni machache haya wakati mngali hai. Hakikisheni jina la mtu limeandikwa namna moja katika cheti cha kuzaliwa, cha ndoa na pasipoti. Herufi moja iliyozidi imezuia urithi wa watu. Andikeni mali iliyopo na nchi iliyopo, pamoja na madeni, na mweleze mtu mmoja mwaminifu karatasi ziliko. Wasia uandikwe, ushuhudiwe, na nakala iwekwe katika kila nchi yenye mali. Wazee wetu walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Yule mama alipata fungu lake mwishowe, na watoto wake wakaandikwa warithi. Tulipomweleza yote tuliyoyaona The Hague, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama yule binti aliyeolewa huko amepewa cheti chake mkononi. Tulimjibu kuwa amepewa. Akasema, "Alhamdulillah," akaendelea kuchambua mchele wake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyasahau, na awawezeshe vijana wetu kuibeba elimu hii. Wabillahi tawfiq.